Duara Lililobonyea

Bibi yake alisema ni buibui.
Hapa Corpus Christi kila jipu la mtoto ni buibui
mpaka litumbuliwe.
Wakamsaka uvunguni, nyuma ya mashine ya kufulia,
wakawapulizia sumu mende wasio na hatia,
na paja la Anselmo likazidi kuiva,
jekundu, gumu, la moto kama sufuria.

Mimi sikumwona Anselmo.
Mimi huletewa kijiti chenye pamba
na jina lililoandikwa kwa haraka:
Anselmo Cantú, miaka minne, paja la kushoto.
Watoto wa ghuba hii nawajua hivyo,
kwa usaha wao.

Nampanda juu ya sahani ya damu ya kondoo,
nafunga kabati la joto, naenda kunywa kahawa.
Kesho yake ameota:
vitone vya dhahabu, vizuri, Mungu anisamehe,
vizuri kama shanga zilizomponyoka mtu.

Kisha namzungushia vidonge vya karatasi,
kila kimoja kimelowa dawa yake.
Dawa ikiweza, panabaki duara tupu,
uwanja uliofagiwa.
Ikishindwa, magugu hufika mpaka kizingitini.

Nina daftari. Si la hospitali, ni langu,
la jalada la kijani, tangu mwaka aliozaliwa Delia wangu.
Penisilini niliikuta marehemu,
hakuna aliyeiwekea hata matanga.
Halafu zile za ukoo wa methisilini zikaanza kuanguka,
na mstari wangu wa wino mwekundu ukapanda
kama mtoto anayepimwa kimo kwenye fremu ya mlango.
Tukakimbilia klindamaisini.
Chungu, watoto waliitema ukutani,
lakini ilifanya kazi.
Sasa mstari mwekundu unashuka, polepole,
na wa klindamaisini ndio unaopanda.
“Angalau mmoja umeshuka,” husema Daktari Janak.
Ngazi ni ileile, daktari.
Wamebadilisha mguu tu.

Leo nimeweka erithromaisini
jirani na klindamaisini, milimita ishirini baina yao.
Kule mbali na jirani, duara ni duara.
Huku upande wa jirani limebonyea,
kama chapati iliyogonga ukingo wa kikaango.

Maana yake kijidudu kinajua.
Ukikipa klindamaisini peke yake
kinainama, kinasema ndiyo bwana.
Kikinusa harufu ya yule mwingine
kinakumbuka panga lililofichwa darini.

Sugu, naandika.
Neno lilelile la viganja vya baba yake,
anayeezeka mapaa Agosti nzima:
ngozi iliyosuguliwa ikajifunza kutoumia.
Na hivi, nani alivisugua?

Mimi pia.
Delia alikuwa na koo, ilikuwa Jumapili,
kwenye friji kulikuwa na chupa ya kaka yake, nusu.
Vijiko viwili, kesho yake vingine viwili,
akaanza kucheka, nikaimwaga kwenye sinki.
Najua mabomba yale yanakwenda wapi.
Nilijua hata siku ile.

Saa kumi na mbili asubuhi napiga simu wodini.
“Tulilitumbua juzi,” anasema muuguzi Maribel,
“kijiko kizima cha usaha. Homa imeshuka,
anadai nafaka za rangi.”
Wembe, basi. Mkongwe kuliko daftari langu,
na hakuna kijidudu kilichouzoea.
“Na dawa mliyompa?”
Anaitaja.
Nalitazama lile bonyeo chini ya taa.
“Badilisheni,” nasema. “Asubuhi hii hii.”

Nasikia kalamu yake ikiandika.
Nasikia mtu nyuma yake, sauti ya kizee, akiuliza jambo.
“Ni bibi,” anasema Maribel.
“Anataka kujua
mmegundua ni buibui wa aina gani.”